Wimbo ulionitumia, baba

Majengo, Mtwara
Jumapili jioni

Mwanangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Huku kwetu hatujambo. Mama yako anakusalimu, bibi yako wa Msangamkuu naye anakuombea dua kila swala. Msimu wa korosho umeanza, ukipita njia ya mashambani harufu ya mabibo inakufuata mpaka nyumbani. Barua hii naiandika kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha akutumie. Kukupigia simu ningeweza, ila najijua, ningeishia kukuuliza umekula nini na ada imebaki kiasi gani, halafu ningekata.

Nataka tuzungumze kuhusu ule wimbo wa Kiingereza ulionitumia, "Sensitive".

Uliponitumia uliandika maneno manne tu: "Baba, sikiliza hilo gitaa." Mara ya kwanza niliusikiliza palepale kibandani, kwa spika ya simu, sikuambulia kitu. Spika ya simu inakula besi yote. Usiku nikafunga kibanda, nikaichomeka simu kwenye ile amplifaya ya zamani, ile ambayo ulinishikia tochi nikiigundisha koni ya spika ulipokuwa darasa la saba. Hapo ndipo nilipousikia. Nikaurudia. Mama yako akaja kuniuliza kama nimepata kazi ya usiku.

Gitaa linaanza na halipumziki, mkono wa kulia unakwenda juu chini bila kutulia. Ngoma si za mtu, ni za mashine, na sikio la fundi hulijua hilo mapema: haichoki, wala haikimbii pale wimbo unapopanda. Lakini kwa kuwa ngoma imetulia hivyo, gitaa ndilo linalohangaika, na kuhangaika kwake unakusikia vizuri. Huyo kijana anayeimba hapazi sauti. Anaimba kama mtu anayemweleza mwenzake jambo huku wengine wamelala chumba cha pili. Sisi tulizoea waimbaji wa kusimama mbele ya tarumbeta na kuzishinda, kwa hiyo mwanzoni nilidhani sauti yake imerekodiwa vibaya, nikageuza trebo, ile ya sauti nyembamba. Haikuwa trebo. Ndivyo alivyotaka.

Halafu maneno yanaisha, wimbo hauishi. Magitaa yanabaki peke yake na kuanza kukwaruza na kuunguruma. Mteja akiniletea redio inayotoa mlio ule ningefungua kifuniko nikatafute waya uliolegea. Wao wameuweka makusudi, na wameuacha uende, uende, mpaka kifua kinajaa. Sehemu hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Yaliyomzidi kijana yule kuyasema, gitaa linayabeba.

Uliyonieleza juu yao nimeyashika yote, na nayaandika hapa ujue kwamba nilikuwa nakusikiliza. Wanaitwa The Field Mice, panya wa shambani. Walianza wawili, Robert Wratten na Michael Hiscock, vijana wa kusini mwa London, baadaye wakafika watano. Wimbo huu, "Sensitive", ulitoka mwaka 1989 kwenye santuri ndogo ya inchi saba. Waliowatolea ni kampuni ya santuri ya Sarah Records, ya Bristol, na hao nao walikuwa watu wawili tu, Clare Wadd na Matt Haynes, wakiiendesha kazi nyumbani kwao tangu 1987. Magazeti ya muziki ya Uingereza yaliwabeza: laini mno, muziki wa wanyonge. Bendi ikavunjika mwaka 1991 bila kuwa na jina kubwa hata nchini kwao. Sarah wenyewe walipofikisha toleo la 100, mwaka 1995, wakafunga kabisa, wakaagana na watu kwa sherehe ndani ya meli pale Bristol. Hilo la meli ulilisema juujuu tu, lakini mimi mtoto wa mji wa bandari limenikaa. Mtu kuimaliza kazi yake akiwa bado anaipenda, kwa hesabu aliyoipanga mwenyewe, ni jambo la heshima sana.

Mwaka 1989 nilikuwa kijana kama wewe sasa, nimekaa chini ya fundi wangu najifunza kusoma rangi za rezista. Redio yetu ilikuwa moja, Radio Tanzania, na bendi zetu zilikuwa kubwa: Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana. Zilikuwa na wapuliza tarumbeta na saksafoni, magitaa matatu, waimbaji wanaopokezana, na nyuma yao shirika au jumuiya. Nazipenda mpaka leo, hilo unalijua. Daraja la Rufiji halikuwepo, lilifunguliwa mwaka 2003. Masika ikishika, watu wa Kusini wote tulikuwa tumefungiwa, gari la Dar linakwama siku kadhaa, na fundi wangu anasubiri kipuri kidogo kama punje ya mtama. Nani angetuletea santuri ya vijana wawili wasiojulikana hata kwao? Wimbo wao umenifikia baada ya miaka zaidi ya thelathini, na aliyeniletea ni mwanangu. Nashukuru, baba. Nashukuru kweli.

Sasa nifike pale palipofanya nishike kalamu.

Kiingereza changu unakijua, ni cha kusomea maandishi ya nyuma ya redio. Nilikuomba maana ya maneno, ukaniandikia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kuna mahali kijana anasema, kwa jinsi ulivyonitafsiria, kwamba ikiwa jua kuzama kunaweza kumliza, kwa nini asijipende vile alivyo. Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka mezani.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulitoka Msangamkuu kwa bibi yako, tukapanda boti ya jioni, watu wamejaa, mimi nimesimama na wanaume wenzangu, wewe umekaa ubavuni kwa boti na mfuko wa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, magotini. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mji. Maji ya mlangoni mwa bandari yakawa mekundu, kisha yakawa rangi ya shaba, minazi ya ng'ambo imesimama myeusi. Nikageuka nikakuona machozi yanakutoka. Nikakuuliza nani kakupiga. Ukasema hakuna, ni jua. Mzee mmoja akacheka. Nami, mbele ya watu wote wale, nikakwambia: "Futa hayo machozi. Mwanaume halii ovyo, watu wanakutazama."

Ukafuta kwa mkono wa shati. Nakumbuka shati lenyewe, la buluu, kifungo cha juu hakipo. Toka siku ile sijayaona machozi yako tena, hata tulipomzika babu yako, na mimi kwa miaka yote hiyo nilijisifu kwamba nimelea mwanaume.

Sijui kama uliponitumia wimbo huu ulikuwa unaikumbuka boti ile. Pengine ulitaka tu nisikie gitaa. Vyovyote iwavyo, mimi nimeikumbuka, na nakuomba radhi. Hukuwa na kosa lolote. Jua lile lilikuwa zuri, wewe ukaliona, sisi wakubwa tukawa tunabishana bei ya korosho. Maneno niliyokwambia nilifundishwa jandoni na mtaani, nikayapokea bila kuyapima, nikakutwisha na wewe. Kama yamo kifuani mwako hadi leo, yatoe. Baba yako ndiye anayekwambia.

Jana nilikwenda kumwona bibi yako, na kurudi nikachagua kivuko cha jioni makusudi. Nikavaa visikilizio vya mdogo wako, nikaufungua wimbo tulipoanza kuondoka. Kuvuka ni mwendo mfupi, wimbo ulifika pale kwenye magitaa ya mwisho tukiwa katikati ya maji, na jua lilikuwa mahali palepale pa siku ile. Nililia, Hamisi. Kijana wa kuchukua nauli aliniona, akanipita kimya kimya.

Kwa basi la kesho nakutumia kilo mbili za korosho, mama yako amezibangua na kuzikaanga mwenyewe, na chini yake kuna ming'oko kidogo. Kondakta ana namba yako, ukaupokee mzigo stendi mapema kabla ming'oko haijaharibika. Nitafutie nyimbo nyingine za vijana hao, hasa zile za mwanzo walipokuwa wawili. Ile spika ya kushoto nimeichomea waya upya, besi inatoka safi. Ukija likizo ya Desemba tutaisikiliza pamoja, na siku ya kwenda kwa bibi tutarudi na kivuko cha jioni.

Wako akupendaye,
Baba