Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: safari hii tuzungumzie kitambaa

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Ilala.

Kila bajeti inapokaribia, mjadala wa nguo hapa Dar es Salaam hurudi palepale: mitumba ipigwe marufuku au isipigwe. Wabunge hugonga meza, wauza mitumba hukaa roho mkononi, kisha Julai inafika na robota zinaendelea kufunguliwa kama kawaida. Mimi nina karakana ya ushonaji. Tunashona sare za shule na za makampuni. Naomba safari hii tuzungumzie kitu ambacho fundi anakigusa kabla hajakalia cherehani.

Soko huria lilituvisha, hilo tusilifiche. Kabla Serikali haijalegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, nguo ilikuwa ya kupanga foleni. Na viwanda vyetu, Urafiki pale Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, Mwatex, Mutex, Kiltex, vilikuwa vimeanza kuyumba kwa ukosefu wa vipuri na fedha za kigeni kabla mitumba haijajaa mitaani. Ushindani ulimalizia kazi. Vilipoanguka, tulichopoteza zaidi ni kusokota, kufuma na kutia rangi. Ushonaji ulibaki kwa sababu cherehani inanunulika kwa mkopo wa kikoba. Mtambo wa kutia rangi haununuliki hivyo.

Tangu hapo tunashona kitambaa cha wengine. Si aibu, maana dunia nzima inafanya hivyo. Shati moja siku hizi lina uzi wa nchi hii, kitambaa cha nchi ile, zipu na vifungo vya kwingine. Bangladesh ilipoanza haikuwa na kitambaa. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ilipeleka wafanyakazi 130 hivi Korea Kusini kujifunza kwa Daewoo, ambayo ilikuwa inatafuta nchi isiyobanwa na viwango vya ukomo vya mauzo ya nguo kwenye masoko ya Magharibi. Serikali yao ikafanya mambo mawili ya kiofisi, yasiyo na mbwembwe: kitambaa kiingie bila ushuru na kutunzwa kwenye ghala chini ya uangalizi wa forodha, na benki zikubali oda ya mnunuzi wa nje kuwa dhamana ya kuagizia kitambaa hicho. Kukua kwao kulisimama juu ya makaratasi hayo.

Viwango vile vya ukomo vilipoondolewa Januari 1, 2005, baadhi ya viwanda vya Waasia vilifunga virago Lesotho. Lakini Lesotho haikubaki mikono mitupu. Kampuni za nguo za Afrika Kusini zilihamishia ushonaji Lesotho na Eswatini, ambako mishahara ni midogo, na nguo zikarudi kuuzwa kwenye maduka ya Afrika Kusini bila ushuru kwa kuwa wako umoja mmoja wa forodha. Jirani aliwabeba.

Jirani zetu tunao, na wanakuja wenyewe. Simama Kariakoo asubuhi yoyote utawakuta Wazambia, Wakongo na Wamalawi wanafunga mizigo. Wanachofunga ni nguo zilizoshonwa China. Mimi ningeweza kuwashonea, ila hesabu inanikataa. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 35 kwenye nguo, na vitambaa vingi vimo humohumo. Jora ninalonunua limeshalipiwa ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla sijalikata. Nguo iliyoshonwa inayokuja kwenye kontena la kuchangia, ikitangazwa forodhani kwa thamani ya kuchekesha, asilimia 35 ya thamani hiyo ni senti. Nikimuuzia Mzambia, masharti ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa nguo nyingi yanataka kitambaa nacho kiwe kimefumwa ndani ya nchi za SADC. Sketi ya kitambaa cha China iliyoshonwa Ilala haihesabiki kuwa ya Tanzania, kwa hiyo haipati nafuu ya ushuru.

Pale Mabibo, ndani ya eneo maalumu la Benjamin William Mkapa, kuna kiwanda cha jinzi kinachoingiza kitambaa bila ushuru kwa sababu kinauza nje. Sina wivu nacho, kinaajiri vijana wetu. Ila kwa muda mrefu soko la viwanda vya aina ile limetegemea AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, nafuu inayoishi kwa kuongezewa muda na bunge la watu wengine. Tuliiona Rwanda: ilipopandisha ushuru wa mitumba, Marekani ikaisimamishia nafuu hiyo kwa nguo mwaka 2018. Sisi, Kenya na Uganda tulikuwa tumesharudi nyuma kwenye mpango kama huo.

Najua wataalamu wako watanijibu kwa pamba. Tulikuwa na mkakati wa pamba hadi mavazi wa 2016 hadi 2020, na pamba yetu nyingi bado inasafirishwa ghafi. Lakini sare ninazoshona ni za tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, na tetroni hailimwi Simiyu kama pamba. Hata kwa pamba yenyewe, nafuu ya VAT kwa nguo za pamba ya nyumbani ilitolewa mwaka 2023 kwa mwaka mmoja, kisha ikaongezwa. Nani ataagiza mitambo ya kufuma, ambayo deni lake ni la miaka mingi, kwa ahadi ya miezi kumi na miwili?

Ninachoomba ni ghala la pamoja la kitambaa chini ya forodha, ambamo kikundi cha mafundi wadogo wenye oda ya Lubumbashi kitachukua jora bila ushuru, kisha kuonyesha karatasi ya kuthibitisha kuwa mzigo umetoka nchini. Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo tuanzie hapo. Nguo zilizoshonwa zitozwe ushuru kwa kilo bandarini pale thamani iliyotangazwa haiaminiki. Na viwango vya ushuru wa kitambaa tukubaliane na wenzetu kwa miaka mitano, badala ya kila nchi kuomba msamaha wake wa ushuru kila Juni.

Sare za Januari tunaanza kuagizia kitambaa Agosti. Jibu likija pamoja na bajeti, litatukuta bado tuna muda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye karakana ya ushonaji, Ilala