Deni lako, nusu kwa nusu

Rafiki yangu wa dawati moja,

Salamu kwanza, deni baadaye. Najua ukiuona mwandiko wangu unaanza kupapasa bahasha. Usipapase sana, hela imo, ila si yote. Nisikilize kwanza, maana kati ya wote wanaonidai ni wewe tu unayeweza kuelewa utetezi wa kihisabati.

Juzi usiku niliketi na penseli, lundo la risiti nililolitoa mfukoni mwa shati, na kile kikokotoo changu cha zamani ambacho kitufe cha 7 kimegoma. Kila penye 7 nabonyeza 6, halafu najumlisha 1. Nikajumlisha matumizi yote ya mwezi, nikayalinganisha na mshahara, nikakuta nina ziada! Kwa dakika tatu hivi nilikuwa tajiri. Nilishaanza hata kupanga namna ya kukulipa kwa mkupuo. Kumbe zile moja moja nilizisahau, zote.

Unaikumbuka MAGAZIJUTO, ule mfuatano wa hesabu tuliokaririshwa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa? Mshahara wangu unaifuata bila kukosea hatua. Kwanza mabano: kodi ya nyumba na makato ya mkopo yamefungiwa humo, hayaguswi. Kinachochomoka nakigawanya kwa ndugu. Bei zinazidisha. Madeni yanajumlishwa. Ikifika zamu ya kutoa, hakuna cha kutoa. Sikuelewa darasani kwa nini TO iliwekwa mwisho, sasa naelewa.

Nimepata faraja kwa mzee mmoja wa India, Brahmagupta. Mwaka 628 aliandika kanuni za namba hasi, akaziita madeni, na zile chanya akaziita mali. Huyo ndiye mwanahisabati! Anasema deni ukilitoa sifuri linabaki kuwa deni. Hilo nimelithibitisha mwenyewe, nimekuwa nikikulipa sifuri kila mwezi na deni halijatikisika. Lakini anasema pia deni mara deni ni mali. Basi nikachukua deni lako, nikalizidisha kwa deni la yule jamaa wa riba. Bwana wee, utajiri wa kutisha! Tatizo ni kwamba ulitoka katika hela za mraba, na sijampata wa kunichenjia.

Huyo wa riba ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu anatoza riba juu ya riba. Nilikwenda kumtafutia dawa kwa Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, ambaye mwaka 1683 aliwaza jambo hilohilo. Chukua deni la 1, riba asilimia 100 kwa mwaka. Ikitozwa mara moja, mwisho wa mwaka unadaiwa 2. Ukiigawa riba hiyo itozwe kila mwezi, unadaiwa kama 2.61. Kila siku, kila saa, kila sekunde, inapanda kidogo kidogo, lakini haivuki 2.718 na ushee. Nilipumua. Kumbe hata akinitoza kila anapopepesa jicho, kuna ukuta! Nikalala vizuri hadi saa tisa usiku, ndipo nikakumbuka kwamba ukuta huo ni wa mwaka mmoja, na mimi naingia wa pili.

Sasa tuje kwako. Leo nakulipa nusu ya deni. Mwezi ujao nusu ya litakalobaki, na unaofuata nusu ya hilo nalo. Zeno, yule Mgiriki wa kale, alidai kwamba mtu anayetembea kwa mtindo huo hafiki, kwani kila mara kuna nusu nyingine mbele yake. Wewe utanijibu kwamba nusu, robo, thumni na kuendelea, ukizijumlisha bila kikomo, unapata 1 kamili. Kweli kabisa. Ndiyo maana nakuomba muda usio na kikomo. Hata usiponipa, baada ya malipo kumi litakuwa limebaki fungu moja kati ya mafungu 1024 ya deni lote, na sidhani kama utafunga safari kuja kulidai hilo.

Hela iko ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Ukiihesabu ukakuta haikufika nusu, ujue ni kitufe cha 7.

Wako,
mdaiwa wa dawati la nyuma