Vijana wa sauti ya tatu wasikamuliwe mapema

Ndugu Mhariri,

Kuanzia Tukuyu hadi Iringa mjini, kwaya isiyo na kijana hata mmoja mwenye teno nzuri, yaani sauti ya tatu, ni ya kutafuta. Baadhi yao siku hizi wanaulizia opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, na swali lao la kwanza huwa ni nota ya juu kabisa. Nawaomba wao na walimu wao waanzie katikati, maana sauti huharibikia huko.

Kwenye kinanda, sauti ya teno huhama kutoka ya kifuani kwenda ya kichwani karibu na E, F na G zilizo juu ya C ya katikati. Kijana wa miaka 17 akifika hapo hupanua irabu "a", kongomeo likapanda, shingo ikakaza, sauti ikawa ukelele. Nota inatoka, vigelegele vinapigwa, kosa linageuka mazoea. Tiba ni kuibana hiyo "a" kidogo kuelekea "o" nota moja au mbili kabla ya kufika, akishafika amechelewa. Atetemeshe midomo kwa solfa, yaani nota za herufi, d r m f s f m r d, apande nusu toni kila duru, dakika 15 mara mbili kwa siku, na miezi ya mwanzo asiivuke G. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa Mbeya apashe sauti kwa muda mrefu zaidi, chinichini kwanza.

Jambo jingine halisemwi: kitufe cha kinanda cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha wimbo mzima. Mpigaji akiona teno wanahangaika hushusha toni nzima bila kumwambia mtu, na kijana anaamini ameimba A kumbe ni G. Siku ya usaili wa opera yuko mbele ya piano ya kawaida, hapana kitufe. Pia ajifunze nota za mistari mitano. Solfa imezijenga kwaya zetu vizuri na naiheshimu, lakini opera hubadilisha ufunguo mara kwa mara na vitabu vyake havichapwi kwa solfa.

Mayai mabichi na tangawizi havigusi nyuzi za sauti, kwa kuwa kinachomezwa hupita njia ya chakula. Maji ya kutosha siku nzima na mvuke wa kuvuta puani vinasaidia. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, amwone daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu huenda vinundu vimeanza kuota.

Kuhusu nyimbo, aanze na zile za Kiitaliano cha zamani, mfano "Caro mio ben". Irabu zetu tano zinamrahisishia kazi. Penye konsonanti mbili ndipo wengi wetu huteleza, tukizitamka kama moja. "Nessun dorma", wimbo maarufu wa teno katika opera, auache. Unadai B ya juu huku okestra nzito ikivuma, na katika opera hakuna kipaza sauti. Luciano Pavarotti, teno maarufu wa Italia na mtoto wa mwoka mikate aliyekuwa naye teno, alikulia kwenye kwaya ya mji wa Modena, akaanza masomo ya sauti akiwa na miaka 19, na akapanda jukwaani mwaka 1961 akiwa na miaka 25, kama Rodolfo katika opera ya "La bohème". Nafasi ya Calaf, mwenye wimbo huo wa "Nessun dorma", hakuiigiza jukwaani hadi 1977. Teno wa Afrika Kusini, Levy Sekgapane, alishinda shindano la kimataifa la waimbaji wa opera la Operalia mwaka 2017 kwa sauti nyepesi ya kuimbia opera za mtunzi Rossini, bila kujilazimisha kuwa mzito. Vijana wetu wengi wana sauti ya aina hiyo.

Akirekodi kwa ajili ya usaili, atafute kanisa tupu, azime spika, simu iwe hatua nne mbele yake, na aimbe wimbo mzima bila kukata. Simu ikiwa karibu, yenyewe hupunguza nguvu ya nota zinazovuma na kuongeza ya zile za taratibu, na msikilizaji hapati ukubwa halisi wa sauti.

Kwa viongozi wa kwaya nina ombi moja: mazoezi yakidumu kwa muda wa saa 3, teno wa chini ya miaka 20 waimbe kwa sauti kamili si zaidi ya dakika 45. Muda uliobaki wasome nota, waimbe kwa wororo au wasikilize sauti nyingine. Na gitaa la besi lipunguzwe, ili wajisikie bila kupiga kelele.

Mwalimu wa kwaya,
Mbeya