Barua kwa wifi yangu aliyeniuliza kwa nini nabeba makohozi ya watu

Wifi yangu,

Siku ile tunachambua mchele wa arobaini ya mama mdogo, uliniuliza mbele ya wenzetu, "Hivi wewe, hayo makohozi ya watu unayoyabeba kila siku yanakulipa nini?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikanyamaza, maana ile ilikuwa shughuli ya msiba na sikutaka maneno. Lakini swali limenikaa rohoni wiki nzima. Nakujibu hapa hadharani, jina lako silitaji, kwa sababu najua swali hilo wanalo wengi ambao hawawezi kuniuliza usoni kama ulivyoniuliza wewe.

Pesa kwanza, tuimalize. Kikundi chetu kinanipa nauli, na kuna miezi hata nauli haipo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, vikundi vya namna yetu viliyumba katika nchi nyingi, na bado vinajikongoja. Linaniuma. Mtu anayezunguka juani Buza na Tandika kutafuta wagonjwa wa kifua kikuu, yaani TB, anastahili posho ya kueleweka, tena itoke kwenye bajeti zetu wenyewe, asisubiri mfadhili.

Sasa hayo makohozi. Kikopo ni cha plastiki, kidogo, kina kifuniko cha kuzungusha. Jina la mgonjwa tunaliandika ubavuni mwa kikopo. Kwenye kifuniko hatuandiki, kwa sababu maabara vifuniko vikifunguliwa vinaweza kupishana, na majibu ya huyu yakaenda kwa yule. Mtu namtoa nje penye upepo, mbali na watoto, namwambia avute pumzi ndefu mara mbili tatu, ndipo akohoe kutoka ndani kifuani. Mara ya kwanza wengi wanatoa mate. Ananikabidhi huku anatazama ukutani kwa aibu. Simharakishi. Namwambia, "Hata mimi nilianza na mate." Basi hapo shingo inageuka, ananiangalia: "Kumbe na wewe uliugua?"

Wifi, hilo swali ndilo kazi yangu yote. Nesi ana elimu kuliko mimi na ana dawa kabatini. Ila nesi hajalala usiku shuka limelowa jasho, akajiuliza nani atamlea mwanawe. Mimi nimelala hivyo. Hapa Temeke wapo MUKIKUTE, watu waliougua TB wakapona, wakaamua kuwatafuta wenzao, na kote nchini wapo MKUTA, wenye kazi hiyohiyo. Mtu aliyemfungia kila mtu mlango, humfungulia mwenzake aliyepita alikopita yeye.

Unakumbuka nilivyopita mimi. Miezi mitatu ya kukohoa. Duka la dawa waliniuzia chupa ya dawa ya kifua, ikaisha, wakaniuzia nyingine. Zahanati moja ya binafsi, siitaji, wakasema malaria, kisha wakasema taifodi, na kila mara nililipa. Hakuna aliyeniuliza nimekohoa kwa muda gani. Ndiyo maana sasa tunakaa na wauza maduka ya dawa, na waganga wa jadi pia, tunawaomba neno moja tu: mteja akikohoa wiki mbili, mtume kituo cha afya akapime. Wapo watu wanaodharau sisi kwenda kwa waganga. Mimi naenda, kwa sababu wagonjwa wanaanzia huko.

Siku naanza dawa nilikuwa na kilo 46. Vidonge vitatu kila siku, kila kidonge kina dawa nne ndani yake, miezi miwili. Baada ya hapo dawa mbili, miezi minne. Siku ya kwanza nilikuita chooni nikilia, mkojo umekuwa rangi ya chungwa, nikadhani ni damu. Kumbe nesi alikwishatuambia, ila mimi kwa hofu sikusikia kitu. Wewe ulisikia. Ukaniambia, "Ni dawa hiyo, rudi ndani."

Na kila alfajiri ulikuja na ile chupa yako ya bluu, uji wa ulezi umetiwa ndimu. Unamimina, unanikabidhi vidonge, unasimama. Hukuondoka mpaka nimemeza. Baba mwenye nyumba alikuwa amenitengea bomba na wapangaji wamenitengea bakuli, ingawa TB hupita hewani, haipiti kwenye bakuli, na mtu akishatumia dawa vizuri wiki chache uwezo wa kuambukiza hushuka sana. Wewe ulikunywa uji huohuo, ukakaa kwenye kitanda changu.

Mwezi wa tatu ndio ulikuwa mbaya kuliko yote, na hapo ndipo hata leo wengi wanatuponyoka. Kikohozi kimekwisha, nguo zimeanza kunibana, nikasema inatosha, nimepona. Ulikaa mlangoni na kikombe mkononi. Nikakutukana, Mungu anisamehe. Hukujibu. Nikameza. Sikujua wakati ule kwamba vijidudu vilivyobaki vimejificha vinakufa polepole, na ukiacha njiani vinaweza kuizoea dawa, ikawa TB sugu, ambayo dawa zake ni ngumu zaidi mwilini.

Ulichokifanya mlangoni kwangu kina historia hapa kwetu. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, akishirikiana nao daktari Karel Styblo kutoka Chekoslovakia. Utaratibu waliojenga hapa Tanzania, wa kumfuatilia kila mgonjwa mpaka dozi iishe, baadaye Shirika la Afya Duniani liliuchukua likaueneza duniani. Zamani mgonjwa alilazimika kumezea dawa mbele ya mhudumu kituoni. Sasa anaweza kuchagua mtu wake wa nyumbani wa kumsimamia. Mimi nilikuchagua wewe. Jina lako liliandikwa kwenye kadi yangu, na kadi bado ninayo.

Ngoja nikuambie na la panya, maana najua utalipenda. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa makohozi. Sampuli zinatoka vituo vya afya ambako zimekwishapimwa. Panya anapitishwa juu ya matundu yenye sampuli chini yake, akinusa TB anaganda pale, anakwaruza. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Alizozionyesha zinapimwa upya maabara, na wanapatikana watu ambao walirudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu.

Lakini tazama kinachofuata. Mtu huyo kaandikisha namba ya simu ambayo haipatikani. Makazi yake yameandikwa "karibu na mwembe". Panya hajui njia, darubini haijui njia. Anayeingia vichochoroni kuuliza mjumbe, kuuliza mama lishe, mpaka anampata, ni mtu wa MKUTA kwa miguu yake. Asipopatikana, mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka, na hao ni wale anaolala nao chumba kimoja, anaoshona nao, anaopanda nao daladala ileile.

Mwaka 2023 TB iliua watu milioni 1.25 duniani. Dawa ipo, na kwenye vituo vya serikali hapa kwetu ni ya bure. Kila nikiifikiria hesabu hiyo naona milango ambayo hakuna aliyeigonga. Wengine walijificha wakiogopa kuitwa wana UKIMWI. Ni kweli virusi vya UKIMWI huifungulia TB njia, na ndiyo maana kila mgonjwa anashauriwa kupima vyote viwili, ila wapo wengi wenye TB wasio na virusi, na wenye navyo pia wanapona TB wakimaliza dozi.

Nina mtu mmoja, mtaa sisemi. Ameingia mwezi wa tatu, amenenepa, anasema amepona. Mara mbili amenifungia mlango, na mara ya pili alinitukana matusi karibu yaleyale niliyokutukana mimi. Jumapili naenda tena, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini. Njoo twende wote, wifi. Ulezi ninao, ndimu nitanunua njiani. Wewe beba ile chupa ya bluu.