Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi, tarehe 17 Januari

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliotoka Ujiji, Mwanga mpaka Kibirizi kuja kutusikiliza, na wanafunzi wenzetu wote, shikamooni na habari za mchana.

Kwanza kabisa karibu sana shuleni kwetu mheshimiwa, tunajua una majukumu mengi na kwa kweli tumefurahi ulivokubali kuja leo na sio siku nyingine, maana tarehe hii tuliichagua wenyewe, na sababu ya kuichagua ndo risala yenyewe.

Klabu yetu ina ubao pale getini. Kila asubuhi kabla ya paredi mmoja wetu anaandika kwa chaki mambo yaliyotokea tarehe kama ya leo, nani kazaliwa, nani kafa, vita gani ilianza. Mwanzoni tulikuwa tunanakili tu mtandaoni, na ukifungua Januari 17 unaletewa Benjamin Franklin kazaliwa Boston 1706, Kapteni Scott kafika ncha ya kusini ya dunia 1912 akakuta Amundsen wa Norway alishatangulia zaidi ya mwezi, ndege za Marekani na washirika wake zimeanza kuipiga Baghdad 1991, halafu tetemeko la Kobe kule Japani 1995 lililoua zaidi ya watu 6,400, alfajiri wengi wakiwa wamelala, na mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe hiyohiyo, Los Angeles nayo ilitikiswa. Yote ni kweli na tunayaandika. Lakini Kongo, ambayo sisi wa Kigoma siku mawingu yakiondoka tunaiona milima yake kwa macho tukiwa ufukweni, inapewa mstari mmoja au haimo kabisa. Kwa hiyo leo tunaomba tuanze na Kongo.

Mheshimiwa, Patrice Lumumba alikuwa na miaka 35 tu. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960 yeye akiwa waziri mkuu wa kwanza, na Septemba 5 Rais Kasavubu akatangaza kumfukuza, siku tisa baadae Kanali Mobutu akashika madaraka, Lumumba akazuiliwa nyumbani kwake, Novemba akatoroka akielekea Stanleyville, ndo Kisangani ya leo, kwa watu wake, wakamkamata njiani huko mto Sankuru. Januari 17, 1961 wakamtoa kizuizini Thysville wakampandisha ndege na wenzake wawili mpaka Élisabethville, ndo Lubumbashi ya leo, wakamkabidhi kwa Tshombe, adui yake aliyekuwa ameshalitenga jimbo la Katanga na Kongo kwa msaada wa Wabelgiji. Walipigwa ndani ya ndege njia nzima. Usiku uleule wakapelekwa porini wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, Tshombe yupo anaangalia, maofisa wa Kibelgiji wapo.

Baadae polisi mmoja wa Kibelgiji akatumwa kufukua miili, ikakatwakatwa ikayeyushwa kwenye asidi ili pasiwe na kaburi la watu kwenda kulilia, na huyo polisi akajiwekea jino la Lumumba akarudi nalo kwao. Jino moja lililovishwa dhahabu. Familia ilikuja kukabidhiwa Brussels mwezi wa sita 2022, likatiwa kwenye jeneza, jeneza kabisa la mtu mzima mheshimiwa, likazungushwa Kongo watu wakaliaga, likazikwa Kinshasa Juni 30, siku ya uhuru. Siku tuliposoma habari hii kwenye kikao cha klabu wenzetu kadhaa walitoka nje.

Sasa hapa ndo tunataka utusikilize vizuri. Karibu kila mahali utakuta imeandikwa Lumumba aliuawa "pamoja na wenzake wawili", basi, inaishia hapo. Wale watu wana majina! Mmoja ni Maurice Mpolo, alikuwa waziri wa vijana na michezo, mwingine ni Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Na wao walipigwa, na wao waliyeyushwa, ila wao hata jino halikurudi. Klabu yetu imepitisha kwamba kwenye ubao wetu Januari 17 majina yanaandikwa matatu, kwa ukubwa uleule, na anayeandika mawili chini kwa herufi ndogo anafuta anaanza upya.

Siku hiyohiyo ya 1961, saa chache baada ya mauaji, Rais Eisenhower wa Marekani alitoa hotuba ya kuaga kwenye televisheni akawaonya wananchi wake kuhusu nguvu ya jeshi likiungana na viwanda vya silaha. Hotuba inasifiwa mpaka leo na ina haki ya kusifiwa, lakini ni serikali yake hiyohiyo ambayo shirika lake la ujasusi, CIA, lilipeleka sumu Léopoldville, ndo Kinshasa ya leo, ya kumuulia Lumumba, jambo lililothibitishwa na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1975. Sisi tunayaandika yote mawili yakifuatana.

Na siku hiyo kijana mmoja wa Louisville, Kentucky alikuwa anatimiza miaka 19. Jina Cassius Clay, baadae Muhammad Ali, bondia. Jambo lililotusisimua sana ni kwamba Septemba 5, 1960, siku ileile Lumumba anafukuzwa uwaziri mkuu, Clay alikuwa Roma anashinda medali ya dhahabu ya Olimpiki. Miaka 14 baadae, Oktoba 1974, akaja Kinshasa kumpiga Foreman raundi ya nane, uwanja mzima unaimba Ali boma ye, yaani Ali muue, na aliyegharamia lile pambano ni Mobutu, huyuhuyu wa 1960, ambaye mwaka 1966 alikuwa amemtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Tunampenda sana Ali, lakini kwa hilo la Mobutu kumtangaza shujaa mtu aliyemkamata yeye mwenyewe tunakasirika mpaka leo.

Halafu kuna Goma. Januari 17, 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, uji wa moto ukashuka ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki tatu walivuka kwenda Gisenyi Rwanda, na siku chache tu wengi wakarudi, wakaanza kujenga juu ya mawe yaleyale meusi, mengine bado yana joto. Goma wanaongea Kiswahili kama sisi, ilikuwaje watoto wa Kigoma tunaijua Kobe kuliko Goma?

Mheshimiwa, mji wetu nao umo kwenye hii habari. Wafuasi wa Lumumba walipoendelea kupigana ng'ambo, mwanamapinduzi Che Guevara na Wacuba aliokuja nao walivuka ziwa kwenda kuwasaidia kutokea hapahapa Kigoma Aprili 1965, na Novemba wakarudi hapahapa wakiwa wameshindwa. Wapo wazee huku mwambao wanaoikumbuka miaka ile, na kila mwaka tunawazika.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. La kwanza na kubwa, utusaidie kupata kibali cha kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukawahoji wazee wa Kikongo walioko kule, maana barua ya wanafunzi peke yao inachukuliwa kama mchezo. Tunaomba pia kinasa sauti na laptop moja ya kutunzia mahojiano, kwa simu za kuazima tunapoteza kumbukumbu. Na ubao wetu ukipata kapaa kadogo tutashukuru, mvua za mwezi huu zinafuta chaki kabla hata ya saa nne.

Mwisho tunakuomba mheshimiwa ukisimama kuongea uanze kwa kuyataja majina yote matatu, Lumumba, Mpolo na Okito, wazazi waliopo hapa wayasikie kutoka kwako.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu ya historia. Tunaomba kuwasilisha.