Filamu ya Troy imewafukuza miungu wa Homer

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu filamu ya Troy ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, ambayo niliitazama tena juzi baada ya kuisoma Iliad, utenzi wa kale wa Mgiriki Homer kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy.

Sina ugomvi na kufupishwa kwa vita vya miaka 10 vikawa vya siku chache, kwani filamu ina saa zake. Kinachonikera ni kuondolewa kwa karibu miungu wote. Katika utenzi ule, mungu Apollo ndiye anayeshusha tauni katika kambi ya Wagiriki, na mungu wa kike Athena humshika shujaa wao Achilles nywele ili asimkate Agamemnon, mkuu wa jeshi lao, kwa upanga. Bila wao, mzozo wa wakubwa hao unabaki kuwa wa kugombea mateka tu. Menelaus naye, mfalme wa Sparta, ambaye kwa Homer anarudi Sparta na mkewe Helen, hapa anauawa mapema na Hector, mwana wa mfalme wa Troy, jambo lililonifanya nicheke peke yangu.

Hata hivyo, palipo na haki pasemwe. Mfalme Priam wa Troy, aliyeigizwa na Peter O'Toole, anaingia usiku katika hema la Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe Hector, akiomba apewe maiti akaizike. Mzee yule hapazi sauti hata kidogo, na kwa dakika hizo chache nilimsikia Homer mwenyewe.

Wako,
Mtazamaji