Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kuitikia wito, hasa mliodamka mapema kutoka Chanika na Mbagala. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi naomba nitumie muda wangu kuielezea kazi yenyewe: mhudumu mmoja kuishika mkono familia moja ambayo shida zake zimefungana kama nyuzi, ukivuta mmoja mwingine unakaza.

Niwapeleke Vingunguti, kwa familia iliyoridhia nieleze habari zake bila kuitaja. Siku mhudumu wetu alipoingia kwenye chumba chao, mama alitoa bahasha ya kaki chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, barua ya wito kutoka shuleni kwa sababu kijana wa darasa la sita ni mtoro, daftari la marejesho ya mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, notisi ya mwenye nyumba, na kadi ya mume ya kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Karatasi tano kutoka kwa watu watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona karatasi ya mwenzake. "Kila ninakokwenda naanza kuhadithia upya," alisema mama yule.

Methadoni imekuwa ikitolewa hapa Dar es Salaam tangu 2011, ilipoanza Muhimbili, kisha Mwananyamala na Temeke. Ni tiba ya kweli, na wapo wazazi wengi waliorudi nyumbani kwa sababu yake. Lakini mgonjwa anayeianza hunywa dozi yake kila siku mbele ya wahudumu wa kliniki, na vibarua vya ujenzi hugawiwa alfajiri. Baba akienda kliniki, kibarua kimempita. Akiwahi kibarua, arosto, yale maumivu ya kukosa dozi, inamkuta juu ya jukwaa. Kibarua kikikosekana, marejesho ya mama yanalala, na kijana anakwenda sokoni kubeba mizigo badala ya kwenda shule. Mwalimu anamwona mtoro, nesi anamwona mgonjwa, mwenye nyumba anamwona mdaiwa. Anayewaona wote kwa pamoja ni yule anayekaa nao.

Mhudumu hakuanza na semina. Wiki ya kwanza alifika saa kumi na mbili asubuhi, akamsindikiza kijana hadi getini. Kisha akaongea na fundi mkuu mmoja, akakubali kumpokea baba kuanzia saa nne. Mwisho akawakalisha mama, mwalimu na afisa ustawi wa jamii wa kata kwenye benchi moja, ofisi ya serikali ya mtaa. Bahasha ikafunguliwa mara moja tu, wote wakasikia.

Sasa niseme kosa. Mwezi wa saba niliona familia imetulia, nikamhamishia mhudumu Tandale. Mhudumu aliyechukua nafasi yake Vingunguti aliulizwa mlangoni, "Na wewe utakaa siku ngapi?" Baba akaanza kuruka kliniki, kijana akarudi sokoni. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na nimeshaiomba radhi familia.

Ubaya wa kuharakisha kuhesabu familia kuwa imetulia, Uingereza walijifunza kwa gharama kubwa. Mpango wao wa kusaidia familia zenye shida nyingi, Troubled Families, ulioanza 2012, ulilenga familia 120,000 hadi 2015, na halmashauri zililipwa kwa kila familia iliyohesabiwa kuwa imebadilika. Tathmini ya 2016 haikuona ushahidi kwamba mpango umeleta tofauti ya maana. Awamu ya pili iliendelea miaka kadhaa, na tathmini ya 2019 ikaonyesha kwamba watoto walioondolewa kwenye familia zao walikuwa wachache kuliko kwa familia zisizokuwa kwenye mpango. Ndiyo maana sipendi tuulizane tumefunga mafaili mangapi. Faili hufungwa kwa kalamu tu.

Jambo jingine tusilichanganye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto, na sisi tunasaidiana nazo, hatuchukui nafasi yao. Mhudumu akiona mtoto anapigwa au kuchezewa, anapeleka taarifa dawati la jinsia na watoto la polisi au simu ya msaada kwa watoto, 116, siku hiyohiyo, hata kama familia itamnunia. Kuwa upande wa familia hakumaanishi kuficha.

Wahudumu wetu wamechoka. Wanapigiwa simu usiku wa manane, nauli wanajilipia, na wengine wameacha mchele wao kwenye vyumba vya watu bila kusema. Nimewaona, na nawashukuru mbele yenu.

Familia ya Vingunguti ilirudishiwa mhudumu wake wa kwanza Oktoba. Kijana yuko darasani, baba anakwenda kliniki, deni la kausha damu bado wanalo. Kamati inapendekeza mambo mawili: mhudumu asihamishwe mpaka familia yenyewe ikubali, na nauli itoke kwenye mfuko wa chama. Ni hoja namba nne kwenye ajenda. Naomba tuipigie kura kabla ya chakula.